ULIMI ULIOFUNGWA: MTOTO MCHANGA AKATWE AU AACHWE?

Usiku wa nne baada ya kujifungua huwa mrefu kwa akina mama wengi. Maziwa yamejaa, matiti yamekuwa mazito na ya moto, wageni waliokuja kutoa pongezi wamekwisha kurudi makwao, na mtoto analia. Huwekwa titini, akanyonya mara tatu au nne, akateleza, akalia tena. Mama naye huuma midomo kwa maumivu. Kunapopambazuka huitazama chuchu akaiona imebanwa ikawa bapa, na ufa mwekundu umepita katikati yake. Ndipo mtu mmoja wa nyumbani humchukua mtoto, akamsogeza dirishani penye mwanga, akauinua ulimi wake kwa kidole, na kuona chini yake uzi mwembamba wa nyama ulioushika ulimi kama kamba ishikavyo hema.

"Ulimi umefungwa," husema mtu huyo. "Ndiyo maana hanyonyi. Akatwe."

Neno hilo hutamkwa upesi, na mara nyingi hutekelezwa upesi vilevile. Pengine ni kweli kwamba mtoto akikatwa mama atapata nafuu na mtoto atashiba. Pengine uzi ule hauna hatia yoyote, na dosari iko katika namna mtoto anavyowekwa titini. Kazi ya wazazi ni kuyatenganisha mambo haya mawili kabla kitu chochote chenye makali hakijaingia kinywani mwa mtoto.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya koplo mmoja katika kambi ya askari nchini Uganda. Koplo yuko kikosini mbali na nyumbani, na sauti yake hufika kwa simu tu, tena siku ambazo mtandao unakubali. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume, uzazi wao wa kwanza. Mama mkwe amesafiri kutoka kijijini kuja kumwangalia mkaza mwanawe, kama desturi inavyotaka. Yeye ndiye aliyeuona uzi. Naye anamjua mzee mmoja ng'ambo ya soko ambaye hukata vimeo vya watoto na kung'oa ebinyo. Kwa mzee kama huyo, uzi wa ulimi ni kazi ya kufumba na kufumbua.

UZI WENYEWE

Kila binadamu anao uzi huu. Msomaji akisimama mbele ya kioo na kuinua ncha ya ulimi kuelekea kaakaani, ataona ukunjo mwembamba unaotoka chini ya ulimi na kushuka kwenye sakafu ya kinywa. Mtoto anapoumbwa tumboni, ulimi huwa umegandamana na sakafu hiyo, kisha hujitenga polepole, na ukunjo huo ndio unaobaki. Kwa watoto wengine hubaki mfupi au mnene, au hushika karibu mno na ncha. Mtoto wa namna hiyo akilia, ncha ya ulimi huvutwa katikati ukafanana na umbo la moyo lichorwalo kwenye kadi za harusi. Ulimi hauwezi kutoka nje ya mdomo wa chini, wala kuinuka hata nusu ya kinywa.

Hali hii huwapata wavulana kuliko wasichana, na huonekana zaidi katika koo fulani kuliko nyingine. Hesabu za wataalamu hutofautiana kwa sababu hawapimi kwa kipimo kimoja, lakini nyingi huangukia kati ya watoto 4 na 10 katika kila 100. Yafaa ieleweke vema kwamba kuuona uzi si kuuona ugonjwa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba kati ya watoto wenye dalili za ulimi uliofungwa, walio na shida ya kunyonya hawafiki nusu. Waliobaki hunyonya na kukua kama wenzao, na wengi wao hawajui maishani mwao kwamba walizaliwa hivyo.

Wale wenye shida, shida yao inatoka wapi? Mtoto anyonyaye vema hatafuni chuchu. Hupanua kinywa, akautoa ulimi juu ya ufizi wa chini, akalipokea titi kwa ulimi huo kama mtu apokeaye kitu kwa kiganja. Kisha ulimi huinuka na kushuka, na kushuka kwake ndiko kuvutako maziwa. Ulimi usioweza kusonga mbele huuacha ufizi wa chini bila kitambaa, na ufizi huo ndio umsagao mama. Mtoto huchoka upesi, hulala angali na njaa, na baada ya nusu saa huamka akitaka tena. Titi lisilokamuliwa sawasawa nalo hupunguza maziwa siku hadi siku.

ATAZAMWE KWANZA AKINYONYA

Mke wa koplo hakwenda kwa mzee wa ng'ambo ya soko. Alikwenda kituo cha afya, na mama mkwe akafuatana naye, huku akinung'unika kidogo kwamba vijana wa leo hawaamini macho ya watu wazima.

Mkunga aliwapokea, akamwamkia mama mkwe kwa heshima, kisha hakuomba kuuona ulimi. Aliomba mizani. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3.2 alikuwa na kilo 2.9. Kupungua katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida, lakini mtoto akipungua hadi kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wake hapana budi achunguzwe kwa makini, na huyu alikuwa ukingoni. Mkunga akauliza juu ya mkojo: nepi ngapi zimelowa tangu jana? Mama akajibu tatu. Kuanzia siku ya tano zinatarajiwa sita au zaidi, na choo kinatakiwa kiwe kimekwisha kuacha weusi na kugeuka njano.

"Sasa mnyonyeshe, mama," mkunga alisema, "nami nikae hapa nitazame."

Katika jambo lote hili hakuna hatua inayorukwa mara nyingi kama hiyo, wala hakuna inayofaa kuliko hiyo. Watu huchungulia kinywa kitupu wakatoa hukumu, ilhali shida inayolalamikiwa hutokea kinywa kikiwa kimejaa. Mkunga aliona kwamba mtoto amelazwa chali mapajani, naye amegeuza shingo kulifuata titi. Mtu mzima ajaribu kunywa maji huku ametazama begani aone ilivyo taabu. Aliona pia kwamba mama analiinamisha titi kumfuata mtoto, na mtoto anaishika chuchu peke yake.

Akamgeuza mtoto, tumbo lake likagusana na tumbo la mama, sikio, bega na nyonga vikawa katika mstari mmoja. Akamwelekeza mama aigusishe chuchu kwenye mdomo wa juu wa mtoto na kungoja. Mtoto alipopanua kinywa kama anayepiga miayo, akamsukuma upesi kwenye titi, kidevu kikitangulia. Mdomo wa chini ukakunjuka nje. Ule weusi unaoizunguka chuchu ukaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini yake. Baada ya dakika moja sauti ya kumeza ikasikika, moja, mbili, kisha pumziko.

"Inauma bado?"

"Inauma, Sista, lakini si kama jana."

Hapo ndipo mkunga aliponawa mikono upya na kuingiza kidole chini ya ulimi. Uzi ulikuwepo, tena mfupi, umeshika karibu na ncha. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa ushindi.

"Nilisema mimi. Hata baba yake alizaliwa nao."

"Naye alikatwa, nyanya?"

Mama mkwe akanyamaza kidogo. "Hapana. Kwetu hakukuwa na mkataji wakati ule. Nilimnyonyesha tu kwa shida mpaka akazoea."

"Na kusema je, alisema vizuri?"

Mama mkwe akacheka. Mtu anayetoa amri uwanjani hadi zikasikika nyumba za maofisa hawezi kuitwa mwenye ulimi mzito.

Swali hilo la mkunga lina maana yake. Watu wengi hukata uzi wa mtoto mchanga wakihofia kwamba atachelewa kusema au atakuwa na kigugumizi. Hakuna ushahidi imara kwamba ulimi uliofungwa humchelewesha mtoto kusema, wala kigugumizi hakitoki huko. Wapo wachache ambao baadaye hupata taabu katika sauti fulani zinazohitaji ncha ya ulimi iinuke. Hao wana nafasi ya kuchunguzwa wakiwa wakubwa. Kumkata mtoto wa siku nne kwa ajili ya matamshi ya mwaka wa tatu ni haraka isiyo na msingi. Swali la haki katika umri huo ni moja tu, nalo ni la kunyonya.

WEMBE WA NYUMBANI

Mzee wa ng'ambo ya soko si mtu mwovu. Huitwa, huja, hupokea kuku au fedha kidogo, na kwa nia njema hufanya aliloachiwa na baba yake. Lakini vinywa vya watoto wa Afrika Mashariki vimeteseka vya kutosha. Nchini Uganda watoto wanaoharisha au wenye homa hung'olewa vichipukizi vya meno ya chonge vilivyo ndani ya ufizi, vikadhaniwa kuwa wadudu au meno ya uongo, ndiyo hayo ebinyo. Nchini Tanzania yakaitwa meno ya plastiki au ya nailoni. Chombo huwa msumari uliochongwa, kisu au njiti ya baiskeli. Tangu miaka ya 1960 mabingwa wa meno wameandika juu ya watoto waliofikishwa katika hospitali za kaskazini ya Uganda wakiwa wamevuja damu nyingi au wameingiwa na vijidudu katika damu, na wengine walikufa. Kukata kimeo kwa mtoto mwenye kikohozi kumeleta misiba ya namna hiyohiyo.

Chini ya ulimi ipo mishipa ya damu, nayo kwa mtoto mchanga imekaa milimita chache tu kutoka kwenye uzi. Ipo pia midomo ya vifereji vinavyoleta mate. Wembe ukipita pembeni damu haikomi kwa urahisi, na mtoto wa kilo tatu hana damu ya kupoteza. Yote aliyo nayo mwilini haizidi sana robo lita. Zaidi ya hayo, wembe uliokwisha kuwakata watoto wengine huweza kupeleka virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na jeraha lisilo safi huweza kuleta pepopunda. Katika jambo hili hakuna pande mbili za kupimwa. Wembe wa nyumbani usiguse kinywa cha mtoto.

ANAPOKATA MTAALAMU

Mikononi mwa daktari au ofisa wa tiba aliyefundishwa, kazi hii ni ndogo kweli. Mtoto hufungwa katika shuka mikono isitapatape, msaidizi hushika kichwa, ulimi huinuliwa, na sehemu nyembamba isiyo na mishipa hukatwa kwa mkasi safi wenye ncha butu. Hutoka matone machache ya damu, pamba au shashi safi hukandamizwa hapo, na mtoto hupewa titi papo hapo. Kunyonya kwenyewe humtuliza, na damu hukoma. Kwa siku kadhaa kidonda huonekana cheupe au njano chini ya ulimi. Huo si usaha, na wazazi wasiusugue. Katika wiki moja au mbili hupona. Mara chache damu huendelea, au kidonda huota vijidudu, au uzi hushikana tena.

Kabla ya mkasi yapo maswali mawili yasiyosahauliwa. Je, mtoto alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa? Aliyezaliwa nyumbani huenda hakuipata, na bila hiyo kidonda kidogo huweza kuvuja sana. Na je, katika ukoo kuna ugonjwa wa damu isiyoganda? Mkunga wa mfano huu alimwuliza mama mkwe iwapo kuna mvulana wa ukoo aliyetahiriwa damu ikakataa kukoma. Ni swali jepesi, nalo wazee hulijibu vizuri kuliko daftari lolote la hospitali.

Je, kukata kunasaidia? Hapa wataalamu wenyewe hawajakata shauri moja. Uchunguzi mkuu uliotolewa mwaka 2017 ulikusanya majaribio 5 yenye watoto 302 kwa jumla. Ulionyesha kwamba maumivu ya chuchu za mama hupungua kwa muda mfupi baada ya mtoto kukatwa, lakini haukuweza kuthibitisha kwamba mtoto mwenyewe hunyonya vizuri zaidi. Nchini Uingereza jaribio jingine, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, lilitarajia watoto 870 likapata 169 tu, kisha likasimamishwa kabla ya wakati. Baada ya miezi mitatu watoto wa makundi yote mawili walikuwa wakinyonyeshwa kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Lakini wengi wa wale waliopangiwa kutokatwa walikuwa wamekatwa baadaye kwa matakwa ya wazazi wao, kwa hiyo jibu halikuwa safi.

Wakati huohuo ukataji umeenea katika nchi tajiri kuliko sayansi ilivyoruhusu. Kati ya wagonjwa waliolazwa katika hospitali za Marekani, watoto walioandikiwa kuwa na ulimi uliofungwa waliongezeka kutoka 3,934 mwaka 1997 hadi 32,837 mwaka 2012, na waliokatwa kutoka 1,279 hadi 12,406. Ndimi za watoto hazikubadilika katika miaka kumi na mitano. Kilichobadilika ni macho ya wakubwa. Wengine sasa hutumia mionzi ya leza kwa malipo makubwa, bila kuthibitika kwamba inashinda mkasi.

SIKU YA KUMI NA MOJA

Mke wa koplo alirudi nyumbani na maagizo machache. Amnyonyeshe mtoto mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku na mchana, kwa namna aliyofundishwa. Akimaliza, akamue maziwa kidogo na kumpa mtoto kwa kikombe safi, wala si kwa chupa yenye chuchu ya mpira. Apake matone ya maziwa yake mwenyewe kwenye ufa. Asimpe maji, uji wala maziwa ya kopo. Arudi baada ya siku mbili kupima, na arudi siku ileile bila kungoja endapo mtoto atashindwa kuamka kunyonya, atakauka kinywa, au mkojo utapungua.

Mkunga alimwuliza pia, faraghani, juu ya kipimo chake cha virusi vya UKIMWI. Si udadisi. Mama mwenye virusi anayemeza dawa zake kila siku hunyonyesha, na ndivyo ashauriwavyo. Lakini chuchu iliyopasuka na kutoa damu, pamoja na kidonda kinywani mwa mtoto, huongeza hatari. Mama wa namna hiyo asikae nyumbani na ufa wake akivumilia, na uamuzi wa kukata ufanywe na daktari ajuaye hali yake.

Siku ya sita mtoto alikuwa na kilo 2.9 zilezile. Siku ya tisa alikuwa na kilo 3.0, na nepi sita. Mizani ilisema mambo yanakwenda. Lakini mama alisema mengine. Uzito ule ulipatikana kwa kikombe. Alikuwa akinyonyesha kwa nusu saa, akikamua kwa nusu saa, akilala saa moja, kisha kuanza tena. Titi la kushoto lilikuwa limepasuka upya. Alikuwa ameanza kuulizia bei ya maziwa ya kopo dukani, naye alijua maji ya bomba la kambi yanavyokatika.

Jioni ile mtandao ulikubali. "Baba Mtoto," alisema, "wanasema hospitali wanaweza kumkata. Sitaki kumwumiza. Lakini nami sifiki wiki nyingine hivi."

"Mama anasemaje?"

Mama mkwe akaichukua simu. Akasema kwamba mtoto amewekwa sawasawa titini, yeye mwenyewe ameona, na bado mke wako anatoka machozi. Kwamba damu ya ukoo ni nzuri. Kwamba sindano ya vitamini alichomwa, imeandikwa kwenye kadi. Mzee wa ng'ambo ya soko hakumtaja.

"Basi waende hospitali," koplo alisema. "Nanyi mfuatane naye, mama."

Alikatwa siku ya kumi na moja. Alilia zaidi kwa kufungwa shuka kuliko kwa mkasi. Alipopewa titi mama alikaza mabega kungoja maumivu, nayo yakaja, ila nusu yake. Ufa wa kushoto ulichukua wiki nzima kufunga, na kikombe kiliendelea kwa siku nne kabla ya kuwekwa kabatini.

Katika benchi la kliniki hiyo alikaa pia mke wa konstebo wa polisi, na binti wa wiki tano mwenye uzi unaoonekana hata mtoto akipiga miayo. Mama huyo alikuwa amesikia habari za mkasi, akauliza kama binti yake naye apelekwe.

"Anakuuma anaponyonya?" mkunga aliuliza.

"Hapana, Sista."

Mtoto akawekwa juu ya mizani. Kilo 4.3, alizaliwa na 3.0. Mkunga akaiandika kwenye kadi, akamrudishia mama yake, na kumwita anayefuata.